Mwanamke Aliyemwinua Kontesa

Wifi yangu Eufemia Lasala alikuwa na miguu mibaya, mdomo mbaya zaidi, na sauti isiyokuwa na mwenzake kuanzia hapa Rocca Sambuco mpaka chini mtoni. Nalitanguliza hili la sauti kwa sababu wapo watu mjini, na majina yao ninayo, waliosema kwa miaka arobaini kwamba sauti hiyo haikuwahi kuwemo kwenye ile filamu. Imo. Nimeisikia kwa masikio yangu. Na mimi mwenyewe nimo pia, wa tatu kutoka kushoto, niliyevaa mtandio ulioenda upande.

Kazi ya Eufemia ilikuwa kulilia wafu. Tulikuwa wanawake sita, ila sisi watano tulikuwa wa kuitikia tu. Mtu akifa tunaitwa, tunafungua nywele, tunashika leso nyeupe, na Eufemia anasimama upande wa kichwa cha maiti na kuanza mbolezi. Anamtaja marehemu kwa jina. Anasema mikono yake ilifanya kazi gani, alipenda kula nini, nani sasa atawasha moto asubuhi. Mwisho anamwambia aamke. Anamwambia ainuke, kulala gani huku, mchana wote huu. Akifika hapo hata daktari anageuka ukutani. Padri wetu wa zamani, Don Achille, alisema mambo haya ni ushenzi wa kabla ya Kristo. Mama yake alipokufa alituita, akatupitisha mlango wa nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa na miiko miwili. Humlilii aliye hai, kwa sababu unamwita Mauti aje kumchukua. Na huliimbii jeneza tupu, kwa sababu jeneza tupu litatafuta wa kulijaza. Hakuna aliyetufundisha miiko hii kwa maandishi. Ilijulikana, kama inavyojulikana kwamba hulali na viatu.

Mwaka wa sitini na tatu, mwezi wa tatu, nyumbu wa Eufemia alikufa. Alikuwa jike, baba yake punda na mama yake farasi, akiitwa Serafina. Wakati huo kaka yangu Canio, mume wa Eufemia, alikuwa Ujerumani akifunga milango ya magari kiwandani. Kaka yangu aliandika barua Krismasi na Pasaka. Serafina alikuwepo kila siku. Alipandisha maji, alishusha zabibu, alibeba kuni, na jioni Eufemia akimsugua mgongo alimsimulia mambo ambayo mimi, wifi yake, sikuwahi kusimuliwa.

Alianguka kwenye njia ya San Biagio akiwa na mzigo wa kuni, mguu ukavunjika. Eufemia alikaa naye pale kwenye mawe kutwa nzima. Aliushusha mzigo, akafungua tandiko, akamshika kichwa, akawa anamwambia simama, mama, simama, njia bado. Nilimpelekea mkate na jibini, hakugusa. Mwishowe alikuja muuza nyama, mume wa Brigida, na kisu chake. Wiki hiyo duka la Brigida lilikuwa na soseji nyingi kuliko kawaida. Mimi sisemi kitu, nasema soseji zilikuwa nyingi. Eufemia hajanunua tena nyama pale mpaka leo.

Na nyumbu haliliwi. Ni aibu mbele ya watu na ni dhambi mbele ya padri. Mbolezi ile yote ilibaki kooni mwa Eufemia, na kwa miezi sita alitembea kama mtu aliyemeza kokwa ya pichi.

Mwezi wa tisa wakaja watu wa sinema kutoka Roma. Walikuja kwa ajili ya ngome yetu, ambayo paa lake lilishaanguka na hakuna aliyeitaka isipokuwa mbuzi. Walichoma majani mabichi ili kupata ukungu. Walipuliza gundi ikawa utando wa buibui. Popo walikuwa vitambaa vyeusi vilivyoning'inizwa kwenye fito za kuvulia samaki. Mwongozaji aliitwa Aurelio Terzi, mtu mdogo mwenye mafua na skafu ndefu, ila kwenye bango aliandikwa jina la Kiingereza ambalo mwenyewe hakuweza kulitamka. Wote waliandikwa hivyo, mpaka mpishi. Walisema watu hawawezi kumwogopa Mwitaliano.

Filamu iliitwa Bibi Harusi wa Kaburi la Tatu. Ilimhusu Kontesa Ermelinda, bibi wa ngome, ambaye anakufa kabla ya siku ya harusi yake na hakubali. Terzi alikuwa amesikia habari zetu, akatutaka tumlilie Kontesa mbele ya kamera. Tukapanda sote sita na nguo zetu nyeusi. Eufemia akalitazama jeneza, akaligonga.

"Tupu hili."

"Ndiyo, bibi," alisema Terzi. "Ni mchezo tu."

"Jeneza si mchezo. Nani kalitengeneza?"

"Seremala wetu."

"Basi aingie seremala."

Seremala, ambaye alikuwa amekaa karibu akivuta sigara, akahama.

Terzi akasema, vizuri, msichana anayeigiza Kontesa atalala ndani. Msichana mwenyewe alikuwa binti mrefu wa Ferrara, mpole, ana kikohozi. Eufemia akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu yu hai. Nikimlilia nitamuua. Una ruhusa ya mama yake?"

"Bibi Eufemia, nakusihi, jua linaondoka!"

"Jua litarudi kesho. Msichana huyu akienda harudi."

Binti wa Ferrara akasema yeye hatalala humo hata akiongezewa chakula. Terzi akakaa juu ya ngazi na kushika kichwa. Sisi tukatoa mkate na pilipili kavu za kukaanga tukaanza kula, maana hatukuwa na haraka. Eufemia hakula. Nikamwona anatazama kule bondeni, njia ya San Biagio. Halafu akaondoka bila kuaga, na alipopanda tena ngomeni alikuwa na kitu kizito mfukoni mwa aproni. Akainua kifuniko cha jeneza, akakiweka kitu hicho chini ya mto wa hariri. Nilikuwa karibu, nikaona. Kilikuwa chuma cha kwato.

"Sasa si tupu," alimwambia Terzi. "Na jina nitaweka langu. Usiniulize."

"Jina gani?"

"Serafina."

"Ni ndugu yako?"

"Tumeishi pamoja miaka kumi na sita."

Terzi akavua kofia, akampa mkono wa pole. Sisi watano tuliinamisha vichwa ili asituone nyuso. Nilijiuma shavu hadi likatoka damu.

Basi akaanza. Palikuwa na mtu wa mashine ya sauti, amekaa nyuma ya nguzo, na mashine ilikuwa inazunguka. Eufemia akafungua nywele na kusema Serafina, Serafina wa mama, nani atapanda nami San Biagio? Mgongo wako mpana kama mlango wa kanisa, nani ataubeba mlima wangu? Masikio yako yalinisikia kabla sijafungua mdomo. Miaka kumi na sita hukunijibu neno baya, si kama yule aliyeko Ujerumani. Hapo mimi, dada yake huyo aliyeko Ujerumani, ilibidi niitikie oi, oi, kwa sababu kazi ni kazi. Kwato zako, Serafina, nilizifahamu gizani. Nani sasa atanirudisha nyumbani?

"Kwato?" nilimsikia msaidizi wa Terzi akinong'ona. Terzi akampiga teke.

Halafu Eufemia akafika pale pa mwisho. Sauti ikashuka. Simama, mama. Mzigo nimeushusha. Simama, tandiko nimefungua, hakuna kinachokuuma. Simama, njia bado. Alikuwa ameunyosha mkono, kiganja juu, kama unavyomnyooshea mnyama. Terzi alikuwa analia mafua na machozi pamoja. Akawaonyesha ishara vijana wawili walioshika kamba ya kifuniko, kamba iliyowekwa kwa kazi ya kesho yake, si ya siku ile. Kifuniko kikasogea. Kiasi cha shubiri moja tu. Ndani palikuwa na weusi.

Sisi watano tulikimbia. Mkitazama filamu mtatuona, si kuigiza kule. Mimi nilimkanyaga mke wa mwashi. Eufemia hakukimbia. Alibaki peke yake mbele ya jeneza lililofunguka, mkono bado ameunyosha, akisema simama.

Hiyo ndiyo sinema. Mengine yote ni ukungu.

Ilikuja kwetu majira ya baridi yaliyofuata, kwenye ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya chakula. Don Achille aliruhusu kwa sababu alikuwa amewaazima vinara vyake vya mishumaa na alitaka kuviona. Mji mzima ulikaa. Tukajiona, tukashangilia. Jeneza likaja. Eufemia akafungua mdomo wake mkubwa ule, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke wa Roma.

Sisi hatukujua mambo hayo. Filamu zetu zote zilitiwa sauti baadaye, kule Roma, ndani ya chumba, na watu wengine kabisa. Walikuwa wamemwondoa Eufemia na kumweka bibi mmoja anayeguna kama mtu aliyepoteza glavu ya mkono mmoja. Hakusema Serafina wala simama. Alisema ah, oh, na kinanda kikapigwa juu yake. Kifuniko kikasogea, hakuna aliyejua kwa nini kimesogea, na Brigida wa muuza nyama akapaza sauti kutoka mstari wa nyuma:

"Jeneza lina panya!"

Ukumbi uliangua kicheko ambacho hakikuisha mpaka mwisho. Huko kwingine pia ilikuwa hivyo hivyo, nasikia. Mjini Potenza ilionyeshwa siku tatu. Baada ya hapo hakuna aliyeisikia tena.

Mlangoni Eufemia aliwasimamisha watu. "Ile sauti si yangu!"

"Mwenzangu," Brigida akamwambia, "mdomo ni wako, tumeuona wote, na ni mkubwa. Kama sauti ni mbovu, mbovu ni yako."

"Nilisema maneno!"

"Maneno gani? Yaseme basi tuyasikie."

Eufemia akafungua kinywa, akakifunga. Angesema nini? Kwamba alimlilia nyumbu, mbele ya padri, juu ya mto wa hariri? Akajifunga mtandio na kwenda nyumbani. Na sisi watano, namwambia kila mtu ukweli, hatukumtetea. Kila mmoja alikuwa na aibu yake.

Tangu siku hiyo waliita kila kitu kibovu sauti ya Roma. Mlango ukilia, sauti ya Roma. Mtoto akikohoa, sauti ya Roma. Msiba uliofuata, Eufemia alisimama kichwani pa marehemu, akasema jina, na mtu mmoja nyuma akacheka kidogo kwa pua. Kidogo tu. Eufemia akafunga nywele, akatoka, na hakulilia mtu tena. Kaka yangu Canio alipofariki, mwaka wa themanini na tisa, nilimlilia mimi, vibaya, nikisahau katikati. Eufemia alikaa kando ya kitanda amekunja mikono. Nilimchukia siku ile. Baadaye usiku nilimwona jikoni midomo inacheza, lakini sauti haitoki.

Ila filamu yenyewe hakuacha kuitetea, na hapo ndipo tulipokuwa tunagombana. Tulikaa barazani kumenya maharage, na akipita mtu aseme neno, atamkalisha.

"Filamu ni nzuri. Imekatwa ulimi tu."

"Wifi, watu walicheka."

"Walicheka kifuniko. Madirisha uliyaona wewe?"

Hayo madirisha nayakubali. Kuna mahali mtumishi mzee anafunga madirisha ya ukumbi wa ngome, moja moja, na taa mkononi. Unayahesabu naye bila kutaka. Saba. Kesho yake anayafunga tena, yako manane. Anasimama mbele ya lile la nane, anaweka taa chini, na analifunga kama mengine. Hakuna damu hata tone, hakuna meno, hakuna muziki. Nilipoiona mwaka ule sikuona kitu, nilikuwa natafuta mtandio wangu. Eufemia aliiona mara moja tu na akaikumbuka kila pumzi yake. Alinifanya niyahesabu madirisha ya nyumba yangu mwenyewe kila jioni kwa miaka, na sitamsamehe.

"Yule mtu wa mafua alijua kazi," alikuwa akisema. "Alijua kwamba kitisho si kile kinachotoka. Ni yule anayekiita, kwa sababu anakipenda."

Ikapita miaka arobaini na moja. Eufemia alikuwa na themanini na moja, meno manne, fimbo moja. Akaja mwanamke kutoka Bologna, Ottavia, nywele fupi kama za askari, ambaye kazi yake ni kutafuta filamu zilizosahauliwa. Alikuwa amezunguka mji mzima akiuliza nani alikuwa mle, na Brigida, ambaye bado yuko hai kwa ukaidi tu, alimwelekeza kwetu kwa kicheko.

Ottavia alikaa jikoni, akala sahani mbili za tambi kwa dengu, ndipo akasema. Kopi moja ilikuwa imepatikana Lisboni, kwenye ghala la mfanyabiashara aliyekufa. Ilipelekwa huko haraka, kabla Roma haijamaliza kutia sauti. Sehemu ya jeneza ilikuwa na sauti yake ya kwanza, ile ya ngomeni.

"Bibi Eufemia, ni wewe. Nimeisikia mara ishirini. Sikuelewa kila neno, lahaja yenu ni ngumu. Lakini nikiwa peke yangu sasa siwezi kuisikiliza. Nataka tuionyeshe hapa kwanza. Jumapili, saa kumi, ukumbi wa parokia. Don Saverio amekubali."

Don Saverio ni padri wetu wa sasa, kijana, anapanda baiskeli.

Eufemia aliinuka. Alimwongezea mgeni divai, akamsindikiza mpaka mlangoni, akafunga, akanigeukia.

"Vituccia. Wataisikia sauti."

"Wataisikia. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Wataisikia na maneno."

Hapo nikakaa. Ottavia hakuielewa lahaja, lakini hapa nani asiyeielewa? Kwato, tandiko, masikio. Kila mzee atajua katika dakika moja.

"Wifi," nilisema, "watakuita mama nyumbu mpaka kaburini."

"Kaburini si mbali."

"Miaka arobaini wamekuita mwongo. Umezoea. Jambo ukilizoea linakuwa kama kiti chako."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ya yale niliyosema juu ya kaka yako."

"Ndiyo! Hilo pia! Nitakaa wapi mimi, dada wa yule aliyeko Ujerumani?"

"Kaa nyuma."

Jumamosi Ottavia alirudi. Nilimvuta pembeni nikamweleza, na sioni haya. Kwa moyo mzuri akasema anaweza kushusha sauti kidogo pale kwenye maneno, au kuweka kinanda juu yake, nusu tu, isikike kama wimbo. Eufemia alisikia kutoka chumba cha pili. Masikio yake hayakuwa na miaka themanini na moja.

"Binti yangu," alisema mlangoni, ameegemea fimbo. "Hivyo ndivyo walivyofanya Roma. Ukigusa hata neno moja nitakuuma, na haya meno manne yanashikana vizuri."

Basi Jumapili ikafika. Saa kumi jua likiwa bado kali, Don Saverio alifunga mapazia, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa kwenye vizingiti. Walikuja kucheka, nawajua. Brigida alikuwa mstari wa mbele na mfuko wa njugu za kukaangwa, amezungukwa na wajukuu. Eufemia akaenda akakaa kiti kilicho kando yake. Viti vingine vilikuwepo.

"Karibu, sauti ya Roma," alisema Brigida.

"Kula njugu zako, mama, utazihitaji."

Mimi sikukaa nyuma. Nilikaa upande wake wa pili.

Walianza vizuri tu. Walicheka masharubu ya yule mchumba wa Kontesa. Walipiga makofi walipomwona marehemu Prospero, mtu wetu wa hapa, akiendesha gari la farasi. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini ukungu unatoka kwenye ndoo. Halafu yakaja madirisha. Mtumishi akafunga la kwanza, la pili. Nikasikia njugu zikiacha kutafunwa. Usiku wa pili wa filamu, lilipotokea la nane, mwanaume mmoja nyuma yangu alisema, "Yalikuwa saba," kwa sauti ya mtu anayelalamika dukani.

Jeneza likaja. Tukaingia sisi sita. Eufemia wa miaka arobaini akafungua nywele, akafungua mdomo, na ikatoka sauti yake.

Sijui kuieleza. Ilikuwa na mikwaruzo, mashine ilikuwa mbaya, upepo wa ngomeni ulisikika. Vijana walikuwa hawajawahi kuisikia. Wazee walikaa wima, kama mtu anayeitwa jina lake nyuma ya nyumba. Walikumbuka mama zao waliolazwa na wakaimbiwa na sauti ile. Eufemia kando yangu hakugeuka kumtazama mtu.

Kisha Vito, aliyekuwa mchunga nyumbu ujanani, akasema kwa nguvu, "Serafina? Njia ya San Biagio? Huyo ni nyumbu!"

"Nyumbu!" alipiga kelele Brigida. "Tunalilia nyumbu! Bikira Maria, amemlilia nyumbu!" Akampiga Eufemia begani kwa furaha. Kicheko kikapanda kutoka nyuma, kikubwa kuliko kile cha mwaka wa sitini na nne. Nilihisi uso unaungua. Nilitaka kumvuta wifi yangu tutoke.

Lakini sauti haikujua kwamba inachekwa. Iliendelea. Nani sasa atanirudisha nyumbani? Na kicheko kilipokuwa kinashuka ili kivute pumzi, kikakuta sauti nayo imeshuka. Simama, mama. Mzigo nimeushusha. Wale waliokuwa na midomo wazi walibaki nayo wazi. Simama, tandiko nimefungua. Nikamwona Vito amevua kofia. Simama, njia bado.

Kifuniko kikasogea.

Hakuna aliyesema panya. Watu waliokuwa ukumbini walijua kitu ambacho Roma haikuwahi kujua, kwamba anayesogea pale si Kontesa. Anaitwa mwingine, aliyependwa kweli, na amesikia. Mtoto alilia. Don Saverio alifanya ishara ya msalaba, akaifanya tena. Na Brigida akamshika Eufemia mkono kwa mikono yake yote miwili, njugu zikamwagika sakafuni.

"Mwambie akome, Eufemia!"

"Nani?"

"Wewe! Yule! Mwambie asimwite, anaamka!"

"Anaamka nani, Brigida?"

"Si mimi niliyeshika kisu! Ni marehemu mume wangu, na alisema mguu ulikuwa umevunjika! Soseji sikula hata moja, naapa kwa wajukuu hawa!"

"Mlikula," alisema Vito kutoka nyuma. "Mimi uliniuzia."

"Nyamaza, wewe! Eufemia, tafadhali, dada yangu. Mwambie."

Eufemia alielekeza macho mbele. Kwenye ukuta mweupe, yule Eufemia mwingine alikuwa bado amenyoosha mkono, na ndani ya jeneza kulikuwa na weusi ule ule.

"Mimi simwambii kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwita."

Sehemu iliyobaki ilipita bila mtu kutafuna wala kukohoa. Kontesa alitembea, na watu walimwogopa, binti wa Ferrara, maskini, aliyechekwa na mji mzima. Mapazia yalipofunguliwa jua lilikuwa bado nje, na watu walilikodolea macho kama hawaliamini. Hakuna aliyesimama. Kisha Vito alipiga makofi, wakafuata wote, wamegeukia mstari wetu. Ottavia alikuwa analia karibu na mashine. Mimi pia nililia, japo lile neno juu ya kaka yangu liliniuma, na nitamuuliza mwenyewe nikikutana naye huko aliko.

Wakaja kumshika Eufemia mikono. Binti wa mwashi akamwomba, kwa adabu, kama siku ikifika atamlilia mama yake, aliye mgonjwa. Eufemia akasema mama yako apone kwanza, halafu tutaona. Lakini alisema tutaona. Miaka arobaini na moja hakuwahi kusema tutaona.

Don Saverio akapiga viganja. "Haya, ndugu zangu, tumshukuru Mungu na Bibi Eufemia. Misa saa kumi na mbili."

"Sijamaliza," alisema Eufemia. Hakuwa ameinuka.

"Filamu imekwisha, mama."

"Kwenu imekwisha. Mimi sikuona mwisho. Huyu hapa alikuwa ananikamua mkono na kuniapia soseji masikioni. Irudisheni."

"Yote?"

"Toka mwanzo. Madirisha yanatakiwa yahesabiwe kwa utulivu."

"Mama, misa..."

"Don Saverio, misa ulisoma jana, utasoma kesho. Mimi hii nimeingoja toka wewe hujazaliwa. Kaa. Na wewe, Brigida, unakwenda wapi? Kaa."

Brigida akakaa.

Padri aliangalia saa yake, akamwangalia Ottavia, ambaye alikuwa ameshaanza kuandaa mashine bila kumsubiri. Akaenda mwenyewe kufunga mapazia. Misa ya jioni ilichelewa saa nzima na zaidi. Waliohudhuria walikuwa wale wale waliotoka ukumbini, na walikaa wamebanana mbele kabisa, bega kwa bega, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka kukaa benchi la nyuma.